Klarineti ya Madini na Vipande Vyake Vilivyopotea

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndivyo walivyonena wahenga, na waliokaa sokoni wanajua kuwa kauli hiyo ina ukweli wake kwa kanga, kwa samaki na kwa maembe. Lakini vipo vitu visivyoweza kujiuza japokuwa si vibaya, kwa sababu waliovijua wamekwisha kufa na waliovirithi hawajui kuvisoma. Kimoja katika vitu hivyo ni klarineti ya madini, iliyotengenezwa Marekani kwa wingi baina ya vita viwili vikuu vya dunia.

Khabari yake huanza mara nyingi kwa namna moja. Mzee amefariki, nyumba inafunguliwa, vitu vinagawanywa, na kutoka darini linashushwa kasha jeusi lenye bawaba zilizolegea. Ndani yake, juu ya kitambaa kilicholiwa na wadudu, limelala bomba jembamba lililokuwa likimeremeta na sasa limeingia weusi. Kipulizio hakipo. Shingo fupi iliyokaa baina ya kipulizio na bomba nayo haipo. Vibonyezo viwili vimekatika, na vigozi vinavyoziba matundu vimekauka hadi kupukutika. Warithi huuliza maswali mawili: je, ni fedha? Na kitu kilichopungua namna hii huuzwaje? Majibu yote mawili yamo katika tarehe ya chombo chenyewe.

Klarineti kwa asili si chombo cha madini. Ubunifu wake unanasibishwa na Johann Christoph Denner wa Nuremberg, Ujerumani, mnamo mwaka 1700 hivi. Ni jamaa ya mbali ya zumari: vyote viwili hupata sauti kwa ulimi wa jani au mwanzi unaotetema mdomoni mwa mpigaji. Tofauti ni kwamba zumari ina ulimi wa ndimi mbili zilizobanana, ilhali klarineti ina ulimi mmoja tu, uliofungwa juu ya kipulizio kwa pete ya kukazia. Mwanzoni klarineti zilichongwa kwa mti wa manjano wa Ulaya. Katika karne ya 19, vibonyezo vilipozidi kuwa vingi na mafundi wakahitaji mti mgumu zaidi wa kubeba nguzo na skrubu zake, mti uliopata heshima kuliko yote ulikuwa mpingo.

Hapa ndipo khabari ya klarineti inapofika kwenye mwambao wetu. Mpingo unaopigwa katika kumbi za Paris na New York umetoka kwa sehemu kubwa katika misitu ya Kilwa, Lindi na kaskazini ya Msumbiji. Ni mti unaokua polepole mno, mzito hata kiini chake huzama majini, na mgumu hata hunolewa msumeno mara kwa mara wakati wa kuupasua. Mchongaji wa Kimakonde anaujua kwa patasi yake. Mpigaji klarineti wa Ulaya anaujua kwa vidole vyake, na mara nyingi hajui jina la nchi ulikotoka. Lakini mpingo, pamoja na ubora wake, una udhaifu mmoja. Ukitoka katika hewa yenye unyevu na kuingizwa katika vyumba vya nchi za baridi, vinavyokaushwa na moto wa kupashia nyumba joto, kisha ukapitishiwa ghafla pumzi ya mtu iliyo moto na maji, unaweza kupasuka kwa urefu. Ufa mmoja unaopita kwenye tundu unatosha kukiharibu chombo.

Mafundi waliotazama ufa huo walikuwa wameshaona mfano wa njia nyingine. Theobald Boehm wa Munich alitengeneza mwaka 1847 filimbi ya bomba la madini iliyobadili historia ya chombo hicho. Mwaka mmoja kabla yake Adolphe Sax alisajili Paris saksafoni, chombo cha shaba chenye ulimi mmoja wa mwanzi kama wa klarineti. Ikiwa filimbi imeweza kuacha mti, na saksafoni imezaliwa bila ya mti, kwa nini klarineti isiweze? Huko Marekani, katika mji wa Elkhart, jimbo la Indiana, Charles Gerard Conn, aliyeanzisha kiwanda chake katika miaka ya 1870, alikuwa akiuza klarineti za madini kabla ya karne ya 19 kwisha. Baadhi yake zilikuwa na kuta mbili, bomba ndani ya bomba, ili mkono upate unene uliouzoea na chombo kisipoe haraka.

Miaka ya 1920 ikawa ndiyo miaka ya fahari yake. Haynes wa Boston, fundi mashuhuri wa filimbi, alitoa klarineti za fedha safi zenye kuta mbili, zilizoachiwa nafasi baina yake ambamo mpigaji aliweza kupuliza hewa ya moto kabla ya kuanza. Katika mji huohuo wa Boston, kampuni ya Cundy-Bettoney ilitoa klarineti iliyoitwa Silva-Bet. Cleveland, jimbo la Ohio, kampuni ya H. N. White ilitoa Silver King, ambayo kengele yake ya chini ilikuwa ya fedha halisi. Vyombo hivi havikutengenezwa kwa ajili ya watoto. Vilikusudiwa wapigaji wa kazi, na vilishindana na mpingo bila ya aibu.

Kilichokuja kubadili hadhi yake ni soko. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza bendi za kijeshi zilipungua, na filamu zenye sauti zilipoingia mwaka 1927 wanamuziki waliokuwa wakipiga katika majumba ya sinema walianza kukosa kazi. Wenye viwanda walihitaji wanunuzi wapya, na wakawaona katika shule. Mwaka 1923 yalifanyika Chicago mashindano ya bendi za shule kutoka sehemu mbalimbali za nchi, na waliogharimia ni watengenezaji wa vyombo wenyewe. Kutoka hapo bendi ya shule ikawa jambo la kawaida katika mji mdogo wa Kimarekani, pamoja na sare zake, gwaride lake na mechi zake za mpira. Kila bendi ilihitaji klarineti nyingi kuliko chombo kingine chochote, kwa kuwa katika bendi ya namna hiyo klarineti hushika nafasi ambayo fidla hushika katika okestra.

Kisha soko la hisa likaanguka mwaka 1929, na baba aliyepoteza kazi hakuweza kumnunulia mwanawe chombo cha mpingo. Viwanda vikajibu kwa klarineti za madini za bei nafuu. Bomba moja lililovutwa kwa mashine, nguzo zilizolehemiwa, vibonyezo vilivyopigwa chapa, na juu yake tabaka nyembamba ya fedha au nikeli. Chombo hiki hakikupasuka kwa baridi. Mtoto alikianguka nacho, kikapinda, kikanyooshwa, kikaendelea kupigwa katika mvua na theluji. Nyingi ziliuzwa kwa majina ya maduka na wauzaji kwa katalogi, hata jina lililochorwa juu ya bomba likawa halimwambii mtu ni nani aliyelitengeneza.

Huu ndio uliokuwa wema wake, na huohuo ndio uliomwangusha. Klarineti ya madini ikawa alama ya mtoto wa shule, na khasa ya mtoto ambaye wazazi wake hawakuweza kumpa zaidi. Aliyefaulu muziki na kuingia chuoni aliagiziwa ya mti, na ile ya kwanza ikarudishwa kabatini kama kiatu kilichobana. Watu walianza kusema kuwa madini yana sauti kali, nyembamba, isiyo na roho. Kauli hiyo imerudiwa kwa muda mrefu hata ikadhaniwa ni elimu. Ama mwanafizikia wa Kimarekani John Backus aliichunguza khabari hii kwa vipimo, na katika uchunguzi aliouchapisha mwaka 1964 alieleza kuwa kutetema kwa ukuta wa klarineti hakuna athari inayosikika katika sauti yake. Kinachotetema ni hewa iliyomo ndani. Kipulizio, ulimi, kipimo cha bomba, mahali na ukubwa wa matundu, haya ndiyo yanayoifanya sauti iwe nzuri au mbaya. Klarineti ya bei nafuu ilikuwa na kasoro kwa sababu ilitengenezwa kwa haraka na kupewa mtoto pamoja na kipulizio duni. Ingalitengenezwa kwa mti kwa haraka ileile, kasoro zake zingalikuwa zilezile.

Ushahidi mwingine upo Uturuki. Huko wapigaji wa klarineti yenye sauti ya chini, ya mtindo wa zamani wa vibonyezo, walishika chombo cha madini kwa muda mrefu wa karne ya 20, na hakuna aliyewaambia kuwa wanapiga chombo cha watoto. Katika harusi na katika redio, bomba lilelile jeupe lililokuwa likidharauliwa Ohio lilibeba maqamu na mapambo yote ya muziki wa Kituruki. Haiwezekani madini yawe hayana roho upande mmoja wa bahari na yawe nayo upande wa pili.

Na hata Marekani kwenyewe palikuwa na pahala ambapo dharau hiyo haikufika. New Orleans aliishi George Lewis, aliyezaliwa mwaka 1900 na kufariki 1968, mpigaji mweusi aliyekuwa akifanya kazi ya ukuli bandarini mchana na kupiga muziki usiku. Katika miaka ya 1940 alionekana akipiga klarineti ya madini. Mwaka 1942 alirekodi pamoja na mpiga tarumbeta Bunk Johnson, mzee ambaye miaka kumi kabla yake alikuwa amepoteza tarumbeta yake na meno yake, akaacha muziki na kufanya kazi za mashambani. Waandishi waliomtafuta kwa ajili ya kuandika tarehe ya jazi ndio waliosaidia apatiwe tarumbeta na meno ya kubandika. Mwaka 1944 Lewis aliumia bandarini, na alipokuwa akiuguza jeraha lake nyumbani alirekodiwa kipande kilichompatia jina duniani. Waliokisikiliza walimsikia Lewis. Hawakuuliza bomba lake ni la nini.

Lakini wakati huo viwanda vilikuwa vimekwisha kunyamaza. Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliamuru utengenezaji wa vyombo vingi vya muziki usimamishwe, kwa kuwa shaba na nikeli vilitakiwa kwa vita, na mafundi waliokuwa wakilehemu vibonyezo waligeuzwa kuwa watengenezaji wa zana za ndege na meli. Vita vilipokwisha, plastiki ilikuwa imeshika mlango. Klarineti nyeusi za plastiki, kama zile zilizotoka Elkhart kwa jina la Bundy, hazikupasuka kwa baridi, zilikuwa rahisi kutengeneza, na zaidi ya yote zilifanana na mpingo kwa macho. Mtoto aliyeishika alionekana kama mwanamuziki mkubwa. Klarineti ya madini haikuwa na hoja tena. Zilizobaki zikaingia darini, na nyingi zikatobolewa chini, zikapitishwa waya, zikafanywa taa za mezani.

Kwa hivyo, mwenye kuuza leo anauza kitu kilichobeba hukumu iliyotolewa zamani. Swali la kwanza, la fedha, lina mtego. Klarineti nyingi ni za shaba iliyochovywa katika fedha, na tabaka hiyo ni nyembamba hata mwenye kuisugua kwa pupa ili ing'are kwa mnunuzi huimaliza na kuacha manjano. Nyingine ni za mchanganyiko ambao Waingereza na Wamarekani wameuita fedha ya nikeli au fedha ya Kijerumani. Mchanganyiko huo una shaba, nikeli na zinki. Fedha hamna hata chembe. Fedha halisi, ile ya sehemu 925 katika 1000, hupatikana katika klarineti chache tu, kama zile za Haynes, au katika kengele ya Silver King, na aghalabu huandikwa hivyo juu yake. Anayetangaza fedha ya Kijerumani kuwa fedha huenda hakusudii kudanganya. Ameponzwa na jina. Lakini mnunuzi atakayepata hasara hatapunguziwa na nia ya muuzaji.

Swali la pili, la vipande vilivyopotea, ndilo zito zaidi. Si kila upungufu ni sawa. Kipulizio kikikosekana, kingine cha kawaida huweza kununuliwa, na mara nyingi ni bora kuliko kile cha kwanza. Pete ya kukazia ulimi na kofia yake ni mambo mepesi. Vigozi huwekwa vipya, maana hata chombo kilichotunzwa vyema kitavihitaji. Shingo ni jambo jingine. Kila kiwanda kilikuwa na kipimo chake, na baadhi ya vyombo vya zamani havipokei kipulizio cha kawaida bila ya kipande maalumu kilichokuja navyo; kikipotea, hupatikana tu kutoka kwa ndugu yake aliyetoka kiwanda kilekile. Kibonyezo kilichokatika ni kigumu zaidi, kwa kuwa fundi hana budi kukilinganisha na cha chombo kingine au kukitengeneza upya kwa mkono. Hapo gharama ya fundi huishinda bei ya chombo cha shule mara mbili au tatu.

Tena ipo alama ndogo ambayo wengi huiruka. Juu ya bomba huonekana mara nyingi herufi L na P. Maana yake ni kuwa chombo kimelinganishwa kwa ngazi ya chini, inayokaribia mitetemo 440 kwa sekunde, ambayo mkutano uliofanyika London mwaka 1939 uliipendekeza iwe ya mataifa yote. Zilizoandikwa H na P ni za ngazi ya juu, karibu mitetemo 457, iliyotumiwa na bendi nyingi kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Chombo cha ngazi hiyo kinaweza kuwa kizima kwa kila kiungo na bado kisipatane na chombo chochote cha leo. Kwa hivyo chaweza kuwapo kilichokamilika kisichofaa kupigwa, na kilichopungua kinachofaa.

Anayejua haya ataandika tangazo la namna nyingine. Watu wa mwambao waliolelewa katika fiqhi ya biashara wanaijua khiari ya aibu: mnunuzi aliyefichwa kasoro ana haki ya kukirejesha kitu, na muuzaji anawajibika kuitaja kasoro kabla ya mkono kupokea mkono. Sheria ya Kiingereza, ambayo Wamarekani waliirithi, ilishika kwa muda mrefu kauli tofauti, kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Katika soko la vyombo vya zamani kauli hiyo imeleta hasara kwa pande zote mbili. Mnunuzi aliyeumwa mara moja huiogopa kila klarineti ya madini, na kwa khofu hiyo hata ile njema hupewa bei ya taa.

Muuzaji anayesema wazi, kwamba shingo haipo, kwamba vibonyezo viwili vimekatika na ni vipi, kwamba herufi ni hizi na jina ni hili, anaweza kudhani anajipunguzia bei. Kwa hakika anamfikia mtu mmoja anayemhitaji. Mahali fulani yupo fundi mwenye bomba la kiwanda kilekile lililokosa kibonyezo kile hasa ambacho hapa kimebaki, au mwenye shingo isiyo na bomba. Vyombo viwili vilivyopungua vinaweza kuzaa kimoja kilicho kamili. Hilo haliwezekani endapo kila mmoja anaficha alichokosa. Kwa upande mwingine, anayekivunja chombo kizima na kuuza kiungo kimoja kimoja kwa kuwa hulipa zaidi, anaifanya kazi ya yule mwenye kutoboa taa, japokuwa kwa bisibisi.

Ipo pia hasara isiyohesabiwa kwa dola. Majumba ya kumbukumbu na wakusanyaji huzitafuta klarineti za fedha za Haynes, na si ajabu, maana ni kazi ya ustadi mkubwa. Lakini ile ya mtoto wa mwaka 1934, isiyo na jina la fundi, iliyopinda na kunyooshwa, ndiyo iliyoupeleka muziki katika nyumba ambazo hazikuwahi kuwa na chombo chochote. Mpingo wa Kilwa haukufika katika nyumba hizo. Meno yaliyochorwa juu ya kipulizio, namba ya shule iliyokwaruzwa kwenye kasha, waya uliofungwa mahali pa springi iliyovunjika, haya yote ni maandishi ya watu ambao hawakuandikwa popote pengine.

Basi anayekishusha kasha kutoka darini asilipeleke sokoni kabla ya kuchukua karatasi. Aandike kilichopo na kisichopo, kiungo kwa kiungo. Kisha, maadam bado yupo anayekumbuka, aandike nani alikipiga, katika shule gani, mwaka gani, na karatasi hiyo aiweke ndani ya kasha pamoja na chombo. Bei huenda isiongezeke hata senti. Lakini mnunuzi atajua anachonunua, na fundi atajua anachotengeneza.